Ukuta Ulio Chini ya Karatasi

Wasomaji wetu, pamoja nanyi mnaosomewa na watoto wenu jioni, leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni karatasi zilizobandikwa ukutani. Kila mmoja wetu ameziona. Katika nyumba nyingi za udongo kuta za chumba cha kulala hufunikwa magazeti ya zamani, kurasa za vitabu vya picha, na kalenda za miaka iliyokwisha pita. Zikichakaa, watu hubandika nyingine juu yake, hata ukuta ukawa kama mtu aliyevaa kanzu juu ya kanzu, na hapana akumbukaye ile ya ndani kabisa ina rangi gani.

Twataka kueleza jinsi karatasi hizo zilivyofika katika nchi yetu ya kati, zilifaa nini, zilificha nini, na kwa sababu gani sisi wenyewe tulizibandua kwa mikono yetu katika chumba kimoja cha nyumba ya bibi yetu, Majengo, hapa Dodoma. Habari za chumba kile tutazifikia. Lakini ukuta una nasaba yake kama mtu alivyo na yake, basi na tuanze kwa mababu.

Kabla ya karatasi palikuwa na udongo. Wagogo, wenyeji wa uwanda huu, walikaa katika tembe, na baadhi ya majirani zao, kama Wanyaturu na Wahehe, walijenga vivyo hivyo. Tembe ni nyumba ya pembe nne, fupi kwa kimo, na kuta zake ni za miti iliyosimamishwa na kukandikwa udongo. Paa lake si la mgongo wala la msonge, bali ni bapa: boriti, juu yake fito, na juu ya fito udongo mzito uliopigwa mpaka ukashikana. Vyumba hupangwa kuuzunguka ua, na ng'ombe hulala katikati ya ua huo. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyepita Ugogo mwaka 1857, aliandika habari za nyumba hizi. Na Henry Stanley, alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alizikuta vilevile.

Wageni wengi waliziona nyumba hizo kuwa za chini na zenye giza. Lakini mtu akiitazama nchi yenyewe ataona kuwa tembe lilikuwa jibu la busara. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,100, na mvua yake kwa mwaka haizidi sana milimita 600. Tena karibu yote huja kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi mingine ni jua na upepo. Penye mvua chache, paa bapa la udongo halina hofu kubwa. Miti mirefu iliyonyoka ni adimu, basi nyumba fupi hutumia miti michache. Mchana udongo mzito huzuia joto, usiku huzuia baridi. Na adui akija na mwenge wa moto, paa la udongo haliwaki upesi kama paa la nyasi.

Lakini nyumba ya udongo ina sharti lake, na sharti hilo ndilo kiini cha maneno yetu ya leo. Ukuta wa udongo hutaka kutengenezwa kila mwaka. Jua huupasua, mchwa huutoboa, mvua huumega. Kwa hiyo, mvua zikiisha na mavuno yakiingia, ulikuwa wakati wa kukandika upya. Aghalabu ilikuwa kazi ya wanawake: huchimba udongo, huutia maji, hukanyaga kwa miguu mpaka ulainike, pengine huchanganya na mavi ya ng'ombe ili ushike, kisha hupaka kwa viganja kuanzia pembe hata pembe. Sasa fikirini jambo moja. Mwanamke aliyekandika ukuta wote kwa kiganja alikuwa ameupapasa wote, shubiri kwa shubiri. Kila ufa aliujua. Kila tundu alilipitia kwa kidole, akaliziba. Hakuna aliyemwambia kuwa anakagua nyumba. Lakini alikuwa anaikagua, mara moja kila mwaka, kwa ukaguzi ambao hapana bwana afya angeweza kuuzidi.

Mambo yalibadilika ilipokuja reli. Wadachi walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Pale ambapo zamani palikuwa mahali padogo pa Wagogo pakatokea stesheni, nyumba za serikali, maduka ya Wahindi, na baadaye mji. Watu wakaja kutoka pande zote za nchi: wapagazi walioacha upagazi kwa kuwa gari la moshi liliwanyang'anya mizigo, mafundi, makarani, askari, wachuuzi. Watu hao walihitaji mahali pa kulala. Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki mtaa wa watu wa namna hiyo uliitwa Majengo: uko Majengo wa Moshi, uko Majengo wa Mombasa, na Nairobi pia. Majengo wa Dodoma ni ndugu yao. Jina lenyewe lasema habari yake, maana hapakuitwa kwa jina la ukoo wala la mlima, bali kwa kazi iliyokuwa ikifanyika pale, yaani kujenga.

Nyumba za Majengo hazikuwa tembe. Zilifuata mfano wa pwani: baraza mbele, ujia katikati, vyumba kushoto na kulia, na uani nyuma. Paa likawa la mgongo, la mabati au la madebe yaliyokunjuliwa. Lakini kuta nyingi zilikuwa ni zile zile za miti, fito na udongo. Mwenye uwezo alipaka chokaa. Chokaa hiyo ni hekima ya zamani sana ya watu wa pwani. Huko Lamu na Unguja mafundi walichoma mawe ya matumbawe, wakapata chokaa, wakajengea majumba ya mawe, wakafinyanga na zidaka ukutani za kuwekea vyombo vya thamani. Ukuta wa chokaa hung'aa na kuakisi mwanga, nao huonyesha uchafu mara moja.

Tena nyumba hizo zilikuwa na jambo jingine jipya, nalo ni upangaji. Katika tembe kila mtu alikaa kwake. Majengo mtu mmoja alikuwa na nyumba, na watu wa vyumba sita walikuwa wapangaji wake. Nani atakandika ukuta usio wake? Mpangaji asema ni kazi ya mwenye nyumba; mwenye nyumba asema anayekaa ndani ndiye auchakazaye. Na wanawake wa mjini walikuwa na kazi nyingine, za sokoni na za biashara, wala udongo mzuri haukuwa mlangoni. Basi ukuta ukakaa mwaka, miaka miwili, miaka mitano, bila kiganja kuupapasa. Nyufa zikazidi.

Hapo ndipo karatasi ilipopata nafasi yake. Mwaka 1923 idara ya elimu ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Kiswahili la kila mwezi, jina lake Mambo Leo, likasomwa na waalimu, makarani na wanafunzi nchi nzima. Baadaye yalikuja magazeti mengine mengi, na Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 lilitokea na gazeti lililochukua jina la Uhuru lenyewe. Gazeti likisomwa na kusomwa tena, na majirani wakiisha kuliazima, halikutupwa. Lilipakwa uji mzito wa unga, likabandikwa ukutani.

Wala watu waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Karatasi ilizuia vumbi la udongo lisianguke kitandani na katika chakula. Ilizuia upepo wa Julai, ambao Dodoma hupenya kama sindano. Ilifanya chumba kiwe cheupe, na taa ndogo ya koroboi ikaangaza maradufu. Tena ilikuwa heshima: mgeni akiingia aliona mara moja kuwa hapa anakaa mtu asomaye. Nasi twajua watu wazima waliojifunza herufi zao za kwanza wakiwa wamelala chali, wakisoma ukuta, tena wengine wakisoma kichwa chini miguu juu, kwa kuwa baba alibandika ukurasa bila kujali upande.

Tusidhani kwamba ni watu wa Majengo peke yao waliofunika kuta kwa karatasi. Ulaya desturi hiyo ina umri wa karne nyingi. Katika chuo kimoja cha Cambridge, Uingereza, ilionekana karatasi ya ukutani ambayo ni ya miaka ya 1509 hivi. Kutoka China zilikuja karatasi zilizochorwa ndege na maua, matajiri wakazigombania. Serikali ya Uingereza ilipoona biashara hiyo imestawi, iliitoza kodi tangu mwaka 1712, na kodi hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1836. Kisha mashine zikaanza kuchapa karatasi kwa wingi, bei ikashuka, hata nyumba ya mfanya kazi ikaweza kupata maua ukutani.

Lakini uzuri huo ulikuwa na siri. Mwaka 1775 mtaalamu wa Sweden aitwaye Carl Scheele alitengeneza rangi ya kijani iliyopendeza sana, nayo ilikuwa na sumu kali iitwayo aseniki ndani yake. Rangi hiyo na nyingine za jamii yake zilitumika katika karatasi za ukutani kwa miaka mingi. Watu waliugua katika vyumba vyao, na wengi hawakujua sababu. Katika miaka ya 1890 Bartolomeo Gosio wa Italia alionyesha kuwa kuvu inayoota juu ya karatasi yenye rangi hiyo, penye unyevunyevu, yaweza kutoa hewa yenye aseniki. Baadaye wataalamu wengine walibishana kama hewa hiyo peke yake yatosha kuua, lakini kwamba sumu ilikuwamo ukutani hapana aliyebisha tena. Basi mjue kuwa kujificha kwa hatari nyuma ya karatasi si aibu ya nchi yetu. Ulaya hatari ilikuwa katika rangi. Kwetu ilikuwa katika ufa. Na sasa twaijia hatari hiyo yetu.

Mdudu aitwaye papasi anajulikana sana Afrika ya Mashariki na ya kati. Ni wa jamii ya kupe, lakini hashikamani na mtu siku nyingi kama kupe wa ng'ombe. Rangi yake ni ya udongo, ngozi yake ina mikunjo. Mchana hujificha katika vumbi la sakafu na katika nyufa za chini ya ukuta. Usiku hutoka, humfuata aliyelala, hunyonya damu kwa muda usiofika saa moja, kisha hurudi ufani, na asubuhi mtu haoni kitu. Asipopata damu hafi upesi: aweza kukaa miaka kadha bila chakula, akingoja. Ndiyo maana nyumba iliyohamwa zamani yaweza kumdhuru mgeni alalaye humo usiku mmoja tu.

Papasi huambukiza homa. Mtu hupata homa kali, kichwa na viungo humwuma, baada ya siku chache homa humwacha, naye hushukuru kuwa amepona. Baada ya wiki moja hivi homa hurudi. Huenda tena, hurudi tena. Livingstone katika kitabu chake cha mwaka 1857 alieleza madhara ya kuumwa na mdudu huyu, lakini sababu yenyewe haikujulikana mpaka mwanzo wa karne ya 20. Mwaka 1904 Ross na Milne, madaktari waliokuwa Uganda, waliona katika damu ya wagonjwa vijidudu vyembamba vilivyojisokota kama parafujo. Wakati huo huo Dutton na Todd walikuwa Kongo ya mashariki, wakathibitisha kuwa ni papasi anayevitia katika mwili wa mtu. Wote wawili waliambukizwa katika kazi hiyo. Todd alipona. Joseph Dutton alikufa huko huko Kongo tarehe 27 Februari 1905, umri wake miaka 30, na kijidudu kile kikapewa jina lake.

Mwaka huo huo wa 1905 Robert Koch, daktari mashuhuri wa Ujerumani, alikuwa katika nchi yetu. Aliwachunguza papasi waliookotwa katika vibanda vya kulala misafara, kando ya njia za wapagazi, akaona vijidudu vya homa hata katika mayai ya papasi. Maana yake ni kubwa: papasi mama humrithisha mtoto wake ugonjwa, na ufa mmoja waweza kutunza homa kizazi baada ya kizazi, ijapokuwa hapana mgonjwa aliyelala humo kwa muda mrefu. Nasi tukumbuke kuwa njia kubwa ya misafara ilipita Mpwapwa na Ugogo wote mpaka Tabora. Uwanda wetu ulikuwa mapumziko ya wapagazi, na kwa hiyo ulikuwa na mapumziko ya papasi pia.

Wala msiseme kuwa hayo ni ya kale. Watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya karibu na Mvumi, si mbali na mji wa Dodoma, mwishoni mwa karne ya 20 na mwanzoni mwa karne hii, walimkuta papasi ndani ya nyumba, na kijidudu cha Dutton ndani ya papasi. Na uchunguzi uliofanywa Tanzania umeonyesha kuwa wanaopatwa vibaya zaidi ni wanawake wajawazito, ambao huenda mimba zikaharibika, na watoto wachanga. Ugonjwa huu una dawa, nao hupona mgonjwa akifikishwa hospitali mapema. Lakini mara nyingi hudhaniwa kuwa ni malaria, kwa kuwa homa hufanana.

Sasa twafika katika chumba cha bibi yetu. Mke wa ndugu yetu alikuja kukaa kwake akiwa na mimba ya miezi mitano. Alilala katika chumba cha babu, ambaye alikwisha fariki zamani. Baada ya wiki kadha alishikwa na homa; akameza dawa ya malaria, homa ikaacha, tukafurahi. Siku ya nane ikarudi. Tulimpeleka hospitali, wakatoa damu kidoleni, wakaitazama kwa hadubini, wakaona parafujo zile. Alitibiwa akapona, na mimba haikuharibika. Daktari akauliza swali moja: "Analala wapi?" Tulipomweleza, akasema asirudi katika chumba kile mpaka kuta zimetazamwa.

Tulirudi nyumbani tukitaka kubandua mara moja. Bibi alikataa. Karatasi zile alizibandika babu kwa mkono wake, mwaka baada ya mwaka, naye bibi akipika uji wa gundi. "Mkizibandua hizi," alisema, "mnambandua mzee wenu." Hatukuwa na jibu, nasi hatukumlazimisha. Siku mbili alikaa kimya. Siku ya tatu alimwita yule mke wa ndugu yetu, akamwekea kiganja tumboni, kisha akatuambia, "Leteni maji. Lakini mziondoe polepole, mtu azisome."

Basi tulifanya kama alivyosema, nasi twawaeleza namna tulivyofanya, kwa kuwa kazi yenyewe haina fundi. Kwanza tulitoa vyombo vyote nje, na godoro na kitanda tukavianika juani. Tulijifunga vitambaa puani na mdomoni, maana nyuma ya karatasi za miaka mingi kuna vumbi, kuvu, na mavi ya panya na mende, ambao huipenda sana gundi ya unga. Tukachukua maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, tukailowesha karatasi kwa kitambaa, kuanzia juu kushuka chini. Ukuta wa udongo haumwagiwi maji, kwani utalainika na kumeguka pamoja na karatasi. Hupakwa unyevu tu, kisha huachwa robo saa, gundi ilegee. Baada ya hapo tuliingiza mwiko butu chini ya ukingo, tukainua polepole. Palipokataa hatukukwangua kwa nguvu, tulilowesha tena. Na mwenye ukuta uliopakwa zamani rangi ya mafuta ajihadhari asiupige msasa mkavu, kwa maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

Juu kabisa zilikuwa kalenda na picha za rangi. Chini yake gazeti la mwaka 1973, lenye habari ya uamuzi wa TANU kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma. Babu alikuwa amelibandika mahali pa kuonekana, mkabala na mlango. Hakuishi kuona wizara zikihamia wala Dodoma ikitangazwa kuwa jiji mwaka 2018. Chini ya hilo palikuwa na kipande chenye kichwa cha Mambo Leo, lakini mchwa walikwisha kula tarehe. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni, nasi tukimsomea kila ukurasa unaotoka. Pengine alicheka. Pengine alisema, "Hiyo aliisoma kwa sauti, jirani wote wakaja."

Chini ya karatasi zote palikuwa na chokaa iliyofifia, na chokaa ilipopukutika tuliuona udongo wenyewe. Juu ya udongo ule palikuwa na alama za vidole, vinne vinne, zikipinda kama mawimbi. Ni za mtu aliyeukandika ukuta kwa mara ya mwisho kabla ya karatasi ya kwanza. Bibi alisimama, akaweka vidole vyake katika alama zile. Akasema ni za mama mkwe wake, aliyezaliwa katika tembe, na ambaye kila mwaka alikuwa akiwagombeza vijana wa mjini kuwa hawajui kukandika.

Na karibu na sakafu, nyuma ya mahali pa kitanda, palikuwa na ufa mrefu wa kupitisha kidole. Karatasi ilikuwa imeuziba machoni petu miaka yote. Tulipouchokoa kwa kijiti walianguka papasi wawili, kisha wa tatu, wenye rangi ile ile ya udongo, wakajikunyata wasijongee. Bibi aliwatazama kwa muda mrefu. Hakusema neno juu ya babu, alisema tu, "Tuliwafunika wenyewe." Tuliwatia katika moto pamoja na karatasi zile zilizokwisha oza.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya bibi, sisi tukawa wanafunzi. Alitutuma udongo wa kichuguu, akatufundisha kuuchanganya na mchanga, kwa kuwa udongo mtupu hupasuka ukikauka, na majani makavu yaliyokatwa vipande vidogo. Tuliupanua kila ufa kwa kisu mpaka udongo uliolegea ukaisha, tukalowesha kidogo, tukashindilia udongo mpya mpaka ndani, wala si kuupaka juu tu. Tukangoja ukauke, tukapaka mara ya pili, ndipo tukapiga chokaa, tukijilinda macho kwa kuwa chokaa huunguza. Sakafu nayo hatukuisahau, maana papasi hukaa katika vumbi lake pia; tuliipiga ikawa ngumu, na mwenye uwezo aipige saruji. Bwana afya alitushauri juu ya dawa ya kuua wadudu. Kitanda kikawekwa mbali na ukuta, kikafungiwa chandarua kilichoingizwa chini ya godoro.

Karatasi zilizokuwa nzima hatukuzichoma. Tulizianika, tukazipanga katika sanduku la bati, na gazeti la mwaka 1973 liko juu. Wajukuu wakitaka kumjua babu yao huzifungua wakazisoma, tena sasa husoma kurasa zilizokuwa zimefunikwa, ambazo hata bibi alikuwa amezisahau. Basi kubandua hakukumwondoa mzee nyumbani.

Katika mwaka 1971 serikali ilipoanzisha Operesheni Dodoma, watu wengi wa Ugogo walihamia vijiji vipya, na tembe nyingi ziliachwa zikaanguka. Leo nyumba za matofali na mabati zazidi kila mwaka, nasi twafurahi. Lakini nyumba za udongo zingalipo nyingi, na wanaokaa humo wana haki ya kulala salama kama wengine. Hatusemi mtu asipambe ukuta wake. Twasema kwamba mama zetu wa tembe walikuwa na ukaguzi wa kila mwaka, nasi tuliuacha tulipopata karatasi, tukadhani kuwa ukuta usioonekana ni ukuta mzima. Mvua za mwaka huu zikiisha, chukua maji na mwiko, uinue pembe moja tu ya karatasi iliyo karibu na kitanda cha mtoto wako, utazame. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini huwezi kuziba ufa usiouona.